Herufi Nne za Ukuta wa Chuo

Tarehe 26 Aprili 2018, siku ya maadhimisho ya Muungano, Rais John Magufuli alitangaza katika Uwanja wa Jamhuri kwamba Dodoma imekuwa jiji. Miezi iliyofuata, karakana ya mabango niliyokuwa nikifanyia kazi ilipata wateja wengi waliotaka neno "Manispaa" liondolewe kwenye vibao vyao. Kazi ninayoikumbuka kuliko zote ni ya chuo kimoja binafsi, ambacho ukuta wake ulikuwa na herufi za plastiki ngumu zilizobandikwa moja moja: MANISPAA YA DODOMA. Mkuu wa chuo hakutaka kugharimia maandishi mapya yote. Alitaka JIJI LA DODOMA, na kwa kuwa I moja ingepatikana kwenye MANISPAA, zilipungua herufi nne tu, yaani J mbili, I moja na L.

Mama huyo alifika kwetu akiwa na herufi nne mpya ndani ya mfuko, zilizokatwa kwingine. Alizipanga mezani kando ya I ya zamani, akasema kwa uchungu, "Niliwaambia sentimita 15, wakaandika, halafu wakaniletea hizi." Fundi wetu mkuu, mzee wa Kigogo tuliyemwita Babu, aliyeandika vibao kwa brashi miaka mingi kabla ya kompyuta, alichukua rula ya chuma akapima. I ya zamani ilikuwa milimita 150 kamili, nayo mpya ilizidi 107 kidogo.

Namba hiyo ilinieleza kila kitu. Pointi moja, kipimo cha ukubwa wa fonti (yaani mtindo wa herufi kwenye kompyuta), ni sehemu ya 72 ya inchi, kwa hiyo milimita 150 ni takribani pointi 425, na bila shaka aliyeikata aliandika 425 kwenye kisanduku cha ukubwa wa fonti akiamini kwamba herufi itatoka na kimo hicho. Lakini ukubwa wa fonti haupimi herufi. Enzi za uchapaji wa herufi za madini ya risasi, kila herufi ilikaa juu ya kipande cha madini hayo, na kilichopimwa ni kile kipande, ambacho kilipaswa kubakiza nafasi ya mikia ya g, j na p. Kompyuta zilirithi kipimo hichohicho, ijapokuwa kipande chenyewe hakipo tena. Katika fonti ya Arial, herufi kubwa hufika takribani asilimia 71.6 tu ya ukubwa unaoandikwa, na asilimia 71.6 ya milimita 150 ni milimita 107.4.

Nilijua ni Arial kwa sababu mama alikuwa ameihifadhi S iliyobanduliwa, na ncha zake zilikatwa kimshazari. S ya Helvetica, ambayo wengi huichanganya nayo, ncha zake hukatwa mlalo. Nilifungua programu ya michoro ya CorelDRAW, nikaandika H kwa pointi 100, nikaigeuza kuwa mchoro ili programu isome wino wenyewe badala ya fremu ya maandishi, nikapata kimo cha milimita 25.26. Kugawa 150 kwa 25.26 na kuzidisha kwa 100 kulinipa pointi 594. Nilichagua H kwa makusudi, kwa sababu juu na chini ni bapa.

Babu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilipoandika JIJI akaniuliza, "Binti yangu, hiyo J umeiruhusu ivuke mstari?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Herufi yenye tumbo la duara ikikomea palepale inapokomea iliyo bapa, jicho huiona fupi, na ndiyo maana waandishi wa brashi waliipitisha nje kidogo ya mistari waliyopiga kwa kamba na chaki. Wabunifu wa fonti hufanya vivyo hivyo. Kwenye sampuli yangu, I ilikuwa milimita 150 na J takribani 152.5, ziada yote ikiwa chini ya mstari. Kama ningelichukua neno zima na kulivuta mpaka fremu isome 150, J ingeufikia urefu huo na I ingeshuka hadi milimita 147.5, tena kando ya I ya zamani ambayo kila mpita njia angeilinganisha nayo. Babu alitaka ushahidi wa ukutani, kwa hiyo tulikwenda chuoni tukapima: D na M za DODOMA zilikuwa 150, na O karibu 155. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana O huvuka juu na chini, na J huvuka chini peke yake.

Tulikata herufi nne kwa pointi 594. Siku ya kuzibandika Babu alipiga kamba moja tu, ya chini, akazikalisha I na L juu yake na kuziacha J zishuke kwa kiasi chake. Kisha A na DODOMA zikasogezwa kushoto kuziba nafasi iliyoachwa na neno refu.

Siku hizi zipo programu, Illustrator ikiwemo, zinazomruhusu mtumiaji kupanga maandishi kwa kimo cha herufi kubwa moja kwa moja, na ninashukuru. Hata hivyo, daftari nililoanza wiki ile bado ninalitumia, lenye uwiano wa kila fonti inayoombwa sana hapa Dodoma: Arial 0.716, Times New Roman karibu 0.66, na kuendelea. Mteja akitaja sentimita, ninamuuliza kwanza ni sentimita za herufi ipi.