Laptopu yenye matundu matatu: siku yangu moja steshenari

Saa moja kasoro robo asubuhi nafungua geti la steshenari yangu hapa Msewe, jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni chumba kimoja kidogo: mashine ya fotokopi mlangoni, halafu meza yenye printa ya leza, skana, mashine ya laminesheni, na laptopu ambayo ndiyo bosi wa wote. Bosi mwenyewe ana matundu matatu tu ya USB, mawili ya bluu kushoto na moja jeusi kulia.

Sasa hesabu wanaoyataka. Printa. Skana. Kibodi ya nje, maana herufi "a" ya laptopu ilishakufa, na Kiswahili bila "a" hakiandikiki. Kidude cha mausi isiyo na waya. Diski ya nje ninamohifadhi kazi za wateja. Halafu flashi za wateja wenyewe, ambazo hazina idadi. Ndiyo maana nina habu, kigawanyio kinachogeuza tundu moja la USB kuwa manne, niliyoinunua Kariakoo kwa shilingi 8,000, na ndiyo maana nyuma ya laptopu pana kiota cha kunguru. Anayewajua kunguru wa Dar anajua nao hujengea nyaya.

Saa moja na robo. Nawasha vitu kwa zamu, wala si mbwembwe. Fotokopi ina soketi yake ya ukutani, vingine vyote viko kwenye ekstensheni moja ya ampea 13. Kwa volti 230 hiyo ni kama wati 3,000 kwa jumla, na birika la umeme linaweza kula 2,000 peke yake. Mwaka jana nililichomeka humo pamoja na laminesheni na printa, na kwa kupenda usafi nilikuwa nimeuviringisha waya wa ekstensheni vizuri kabisa, ukakaa kama kamba ya kisimani. Muda si mrefu duka likanuka plastiki. Fundi umeme alikuja, akaunyoosha ule waya, akaniambia ukiviringishwa namna ile joto halina pa kutokea. Yaani unadhifu wangu ndio uliotaka kuniunguzia duka. Tangu siku hiyo chai nachukua kwa mama ntilie.

Saa mbili kamili wanafunzi wanaowahi vipindi wameshajaa. "Dada, naomba kuprinti kurasa tano." "Dada, mimi kopi mbili tu, nina haraka." Nachomeka diski kwenye tundu la bluu nifungue kazi ya mteja wa jana, na hapo mausi inaanza visa. Mshale unaruka, unasimama, unakwenda kwa kudonoadonoa kama kuku. Namtuma mdogo wangu anayenisaidia kununua betri mpya. Tunaziweka, visa vilevile. Nabadilisha kitambaa cha chini, nafuta mausi kwa kanga. Bado. Mteja mmoja ananishauri nikanunue nyingine na mimi nakaribia kukubali.

Halafu anakuja kijana na flashi yake. Kwenye laptopu yenyewe tundu halipo. Nachomoa diski niipishe flashi, na mausi inatulia papo hapo kama haijawahi kuumwa. Nikajua kumbe mgonjwa hakuwa mausi.

Kidude cha mausi kilikuwa tundu la bluu la kwanza na diski la pili, ubavu kwa ubavu. Yale ya bluu ni USB 3.0, toleo lenye kasi zaidi, na USB 3.0 ikiwa kazini hutoa kelele za redio zinazoangukia kwenye gigahezi 2.4, masafa yale yale ambayo kidude na mausi wanaongelea. Intel, watengenezaji wa chipu za kompyuta, waliandika waraka mzima juu ya jambo hili mwaka 2012. Mimi nilikuwa nimewakalisha mpiga ngoma na mnong'onaji kwenye benchi moja.

Saa tatu na nusu. Mzee mmoja anaingia na bahasha ya kaki aliyoikumbatia kifuani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nimeleta vyeti vya binti yangu, vya kuombea mkopo wa chuo. Wamesema mviingize humo kwenye kompyuta."

Cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, fomu zenye mihuri. Nafurahi, maana diski sasa nimeihamishia kwenye habu na mausi imetulia. Naweka cheti cha kwanza kwenye skana, taa inaanza kutembea. Ilipofika katikati, diski ikatoa mlio: kwe. Kimya. Kwe, kwe. Kwenye kioo ikapotea, ikarudi, ikapotea tena. Skana nayo ikasimama na taa yake katikati ya cheti cha mtoto wa watu.

"Kimeharibika?" mzee akauliza. Alikuwa anaulizia cheti.

"Hapana baba, cheti kizima. Ni hizi nyaya zangu."

Kilichotokea ni njaa. Tundu jeusi ni USB 2.0, toleo la zamani, na kiwango chake cha kawaida cha umeme ni miliampea 500. La bluu kiwango chake ni 900. Habu yangu haijachomekwa ukutani, kwa hiyo haina umeme wake, inagawa tu iliyopewa na tundu jeusi. Ni sufuria moja la wali na walaji wanne. Printa haina neno, imekula kwao, ina waya wake wa ukutani na pale inapitisha kazi tu. Kibodi inadonoa punje. Lakini skana yangu haina adapta, inaishi kwa huo huo waya wa USB, na diski ina sahani inayozunguka ndani, ikianza kuamka tu inataka sufuria lote. Ule mlio ni sahani inajaribu kuzunguka na nguvu haitoshi. Mwenye diski inayolia hivyo asikimbilie kuitupa, aijaribu kwanza kwenye tundu la laptopu moja kwa moja. Na asiiache ikiendelea kulia, maana kuwaka na kuzimika katikati ya kuandika ndiko kunakoharibu mafaili.

Vyeti vya mzee vilitoka, diski ikiwa imechomolewa. Alinisubiri kwa subira iliyonitia aibu.

Kutoka saa nne hadi saa sita sina cha kusimulia zaidi ya kopi. Isipokuwa saa sita na kitu, dada mmoja wa mwaka wa tatu yuko katikati ya kuprinti ripoti ya kurasa 84, nami namwambia mdogo wangu, "Chomoa huo waya mweusi wa skana." Nyaya zote mle ni nyeusi. Akachomoa wa umeme wa printa. Karatasi ikabaki nusu ndani nusu nje, imejikunja kama ulimi wa mbuzi. Nikataka kufoka, nikanyamaza. Hata mimi nisingeujua.

Saa saba na nusu umeme ukakatika.

Feni likazungukazunguka, likasimama. Wateja wakatoka wenyewe. Zamani ningelaza kichwa mezani, lakini leo kulikuwa na mwanga wa mlangoni, laptopu ina chaji, na hasira ya asubuhi bado ninayo. Nikamwambia mdogo wangu tunachomoa kila kitu. Kila kitu.

Tulipozitandaza sakafuni tukapata nyaya 19. Nne hazikuwa zimeunganishwa na chochote. Mmoja ulikuwa wa printa niliyoiuza tangu 2022.

Kabla ya kurudisha hata mmoja nilikaa na karatasi nikajiuliza nani mwenye nyumba na nani mgeni. Na hapa ndipo nilipokuwa nakosea miaka yote: matundu mazuri ya bluu nilimpa aliyewahi kufika. Kidude cha mausi hakihitaji kasi yoyote, na kilikuwa kimekalia kiti cha mbele. Diski, inayohitaji kasi na umeme, ilikuwa inatangatanga. Sasa diski imepewa tundu la bluu la kwanza, haihami. Mausi, kibodi, printa na skana wote wameenda kwenye habu, upande wa kulia, mbali na kelele.

Ile njaa ya habu je? Ubavuni ina katundu ka duara ambako sikuwahi kukajali. Ni ka adapta, na habu niliuziwa bila adapta. Nikashusha boksi la chaja zilizofiwa na simu zao. Ya kwanza ilikuwa ya ruta, kichwa chake kinaingia vizuri kabisa, nikaimulika kwa tochi ya simu: volti 12. Ingeunguza habu, na pengine na vilivyochomekwa humo. Ya tatu ilisomeka volti 5, ampea 2, chanya ikiwa katikati kama alama iliyo kwenye habu. Hiyo ndiyo. Maandishi yale ni madogo kuliko ya kwenye dawa, lakini bila kuyasoma nisingeichomeka. Kichwa kuingia si ruhusa.

Tundu la bluu la pili ni la wageni, na ndilo lililonipa kazi zaidi. Limelegea. Flashi ikikaa humo inatikisika kama jino la mtoto wa miaka sita. Kichwa cha kawaida cha USB, kile cha mstatili, kinatakiwa kuvumilia kuchomekwa na kuchomolewa mara 1,500. Si kwamba likifika hapo linakufa, ila mimi kwa siku napokea flashi hata 30, na 1,500 kwa 30 ni siku 50. Tundu lenyewe limelehemiwa kwenye ubao wa laptopu, na fundi wa kulibadilisha hafanyi kwa shukrani. Nikachukua waya mfupi wa nyongeza, wa sentimita 30, nikauchomeka humo moja kwa moja na kuubana kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme usicheze. Kichwa cha upande wa pili nimekileta mbele ya meza. Kuanzia sasa wageni wote watachomeka pale. Ukichakaa nanunua mwingine wa shilingi 3,000.

Kuushikilia nimetumia kibanio cheusi cha karatasi, hivi hivi ninavyouza dukani. Unakibana kwenye ukingo wa meza, waya unapita kwenye masikio yake, kichwa kinabaki juu hakianguki. Nimebana vitatu: cha flashi, cha chaja ya laptopu, cha waya wa simu yangu. Nyaya za nyuma nimezifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, alinikatia fundi wa jirani bure. Mipira ya kufungia noti nilishaijaribu, kwa joto letu inayeyuka na kuganda kwenye waya kama ubani. Ekstensheni nimeipigilia misumari ya skrubu chini ya meza, imenyooka, haigusi sakafu, maana tunapiga deki kila jioni na maji hayajui soketi.

Mwisho tukaweka majina. Stika ndogo za bei, jina kwenye ncha zote mbili za kila waya: PRINTA, SKANA, KIBODI. Mdogo wangu aliandika MZEE kwenye ule wa fotokopi na nimeuacha.

Saa kumi kasoro umeme ukarudi na wanafunzi nao. Meza inang'aa. Mtu wa kwanza, nikabonyeza kuprinti. Kimya. Nikabonyeza tena. Wa pili naye, kimya. Foleni ikafika mlangoni.

"Dada, printa imegoma," akasema mdogo wangu kwa sauti ya mtu aliyetabiri.

Nikaangalia waya: PRINTA, imechomekwa. Taa ya kijani. Nikafungua orodha ya printa kwenye laptopu na hapo nikaziona mbili, majina sawa, moja imeongezewa "Copy 1" mwishoni. Asubuhi printa ilikuwa tundu la kwanza la habu, mimi nimeirudisha la tatu, na Windows ikadhani nimenunua printa mpya. Kazi zote nilikuwa nazituma kwa ile ya zamani, ambayo kwa mujibu wake haipo. Nikachomoa, nikairudisha tundu la kwanza. Ikakohoa, halafu ikatapika kila kitu: kazi za watu watano, kila moja mara mbili mbili kwa kuwa nilibonyeza kwa hasira. Karatasi 40 na ushee zimekuwa za rafu. Kwenye habu sasa kuna namba, 1 hadi 4, kwa kalamu ya wino mzito, na printa ni namba 1 mpaka kiama.

Saa kumi na mbili na nusu nimebaki na wateja wawili. Mausi inateleza. Diski haijalia tangu mchana. Kijana mmoja amesimama mbele ya meza, anaangalia kile kibanio na kichwa cha waya kilichobaki kitupu.

"Dada, si pako wazi hapa? Naomba nichaji simu kidogo."

"Mdogo wangu, soketi ile pale ukutani, juu ya fotokopi."

"Lakini hapa hapatumiki."

Kabla sijajibu, aliyekuwa nyuma yake akanyoosha mkono na flashi.