Siku 12 za kuongoza biro kwa simu: Goma, Mei 2021

Tarehe 27 Mei 2021, kabla ya kucha, gavana wa kijeshi aliposoma tangazo la kuhamisha mitaa 10 kati ya 18 ya mji wa Goma, mashariki ya Kongo, kwa sababu ya volkano ya Nyiragongo, nilikuwa na vitu vitatu vya serikali ndani ya mfuko wa mgongoni: muhuri wa biro (ofisi) yetu, rejista ya wafanyakazi, na daftari la shule nililokuwa nimelinunua mjini, Birere, siku mbili kabla. Nguo za watoto zilibebwa na mke wangu. Mpaka leo kuna ndugu wananiuliza kwa nini nilibeba rejista, na jibu ni mzee wetu wa arshivu, yaani mtunza mafaili ya zamani.

Mimi nilikuwa kiongozi wa biro ya wafanyakazi katika idara moja ya jimbo. Watu 14 chini yangu. Kazi yetu ni mafaili ya wafanyakazi wa serikali: hati za kazi, likizo, hesabu ya miaka ya huduma, karatasi za wajane na mayatima. Nyiragongo ilipopasuka Jumamosi ya tarehe 22, lava ikasimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Jumatatu nilifika kazini nikakuta watu watano. Ardhi ilikuwa inatetemeka kila saa, vikombe vinagongana kabatini. Mzee wa arshivu akaniambia: "Shefu, mu 2002 tuliacha vitabu ndani. Lava ilipita katikati ya mji, vikaungua. Kuna watu walihangaika miaka mingi kuhakikisha kama walifanyaka kazi." Siku ile ile yeye na kijana wa sekretaria walipiga picha kila ukurasa wa rejista kwa simu, kurasa 212. Bila picha zile nisingekuwa na la kusimulia.

Tulitembea mpaka Sake, kilomita 25 hivi, pamoja na maelfu ya watu, magodoro kichwani, chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo) zimejaa masufuria. Kutoka hapo nikafika Minova, halafu Bukavu kwa shemeji yangu, Kadutu. Wenzetu wa idara ileile ya Kivu Kusini walinipa meza moja na ruhusa ya kutumia printa yao. Nawashukuru mpaka leo.

Siku mbili za kwanza sikuongelea kazi na mtu yeyote. Nilipiga simu tu. Uko wapi? Uko na nani? Unalala wapi? Simu unaichajia wapi, saa ngapi? Majibu niliyaandika kwenye daftari, ukurasa mmoja kwa kila mtu. Wanne walikuwa Sake, wawili Minova, watatu Bukavu, mmoja Rutshuru upande wa pili wa barabara iliyokatwa na lava, wawili Gisenyi ng'ambo ya mpaka, Rwanda, na wawili walibaki Himbi na Keshero, mitaa ambayo haikuwa kwenye orodha. Mama mmoja aliniambia kutoka Sake: "Shefu, tunalala mu kanisa. Simu iko na chaji kidogo, sema haraka." Lile swali la kuchaji simu ndilo lililonisaidia kuliko yote. Niligundua kwamba Sake watu walikuwa wanapeleka simu kwenye vibanda asubuhi na kuzichukua mchana. Basi nikaweka saa ya kazi kuwa saa nane mchana. Kama ningeweka saa mbili asubuhi kama ofisini, ningekuwa napigia simu zilizozimwa na kuwaandika watu watoro.

Watu sita kati ya 14 hawakuwa na simu ya intaneti. Hili wakubwa wanalisahau wanaposema "wafanye kazi kutoka nyumbani". Sikutaka sita hawa wakae pembeni, kwa hiyo niligawa watu wawiliwawili: mwenye WhatsApp na mwenye simu ndogo. Mwenye simu ndogo anapiga kwa familia, anaonana na mtu ana kwa ana, anasoma karatasi zake kwa sauti, mwenzake anaandika. Mega (intaneti) na unite (salio la kupiga) nilinunua mimi kwa hela yangu, nikaandika kila kiasi daftarini, na baadaye mkurugenzi alikubali kunirudishia sehemu. Mfanyakazi wa serikali anayesubiri mshahara wake akiwa amelala kanisani huwezi kumwomba anunue mega za kufanyia kazi ya serikali. Sioni namna ya kulijadili hilo.

Wapo waliouliza kwa nini kufanya kazi kabisa katika hali ile. Nitawaeleza kwa faili moja.

Mjane wa mwenzetu alikuwa Sake na watoto wanne. Benki ilikuwa inamdai hati inayoonyesha huduma ya marehemu. Mama wetu wa kanisani alimtafuta, akamkuta, akaangalia kadi yake na cheti cha ndoa kwa macho yake, akanisomea namba. Kijana wa sekretaria, aliyekuwa Gisenyi na ambaye picha za rejista zilikuwa kwenye simu yake, alitafuta jina la marehemu na kuhakikisha tarehe ya kuingia kazini. Alikuwa anasimama karibu na mpaka ili apate mtandao wa Kongo. Yeye ndiye aliyeandika hati. Mimi Bukavu nikaitoa kwenye printa, nikasaini, nikapiga muhuri, nikaitia ndani ya bahasha na kumpa dereva anayekwenda Minova, na kutoka Minova ikafika Sake. Siku nne. Hati kama hiyo, ofisini kwetu Goma, ilikuwa inachukua wiki mbili, wakati mwingine zaidi. Nililala nikiwaza jambo hilo. Faili lilikuwa linazungukazunguka kwenye meza zetu kumsubiri mtu, na sasa mtu ndiye alikuwa analifuata faili.

Kosa langu kubwa nalo lilitokea katika wiki ileile. Tulikuwa na grupu moja tu, lenye kila kitu: sauti za kutisha kuhusu gesi ya ziwa Kivu, maombi, na kazi. Humo nikaruhusu picha za mafaili. Picha ya faili la mama mmoja, pamoja na namba yake ya akaunti, ikatoka ikafika kwenye grupu la familia nyingine. Alinipigia akilia. Nilimwomba msamaha, na siku ileile nikafungua grupu la pili la kazi peke yake, na nikakataza picha za mafaili humo pia. Picha inatoka simu moja kwenda simu moja, namba za akaunti zinasomwa kwa sauti, na hati ikishapigwa muhuri picha inafutwa. Ningefanya hivyo tangu siku ya kwanza, mama yule asingelia.

Mkurugenzi alitaka orodha ya mahudhurio kila jioni. Nilimwambia kwa heshima kwamba siwezi kujua nani "yupo" wakati hakuna anapotakiwa kuwepo, lakini naweza kumtumia hesabu: mafaili yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyokwama na kwa nini yamekwama. Alisita, halafu akakubali. Katika siku 12 tulitoa mafaili 31. Yale yaliyohitaji karatasi zilizofungiwa Goma tuliwaambia wenyewe wazi kwamba yatasubiri.

Hata hivyo mimi mwenyewe nilianguka kwenye mtego wa mahudhurio. Baba mmoja wa biro yetu alinyamaza siku tatu. Nikaandika daftarini, kwa kalamu nyekundu, "hayupo". Siku ya nne nikajua kwamba mtoto wake wa miaka saba alipotelea kwenye msongamano wa njia ya Sake, na alikuwa anazunguka kanisa kwa kanisa, shule kwa shule, kumtafuta. Alimpata Minova. Nilikata lile neno, na tangu siku ile hakuna aliyeandikwa hayupo kabla ya watu wawili kumtafuta.

Tarehe 7 Juni serikali ilitangaza kurudi hatua kwa hatua. Ofisini orodha ya mahudhurio ilirudi mlangoni asubuhi ya kwanza. Nilipigania mambo mawili. La kwanza, mama wa Sake, aliyekuwa anauguza mama yake, aliachwa aendelee kwa simu mpaka Agosti, na mafaili yake hayakuchelewa hata moja. La pili ni rejista. Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi mzee wa arshivu alikuwa anafunga mlango, anaweka simu mbili mezani, yake na ya kijana wa sekretaria, anafungua ukurasa mpya mmoja mmoja, na alikuwa hakubali kutoka mpaka simu zote mbili ziwe na picha.