Tia Saini Hapa

Jumapili, usiku

Kesho nina mtihani wa sheria ya mikataba. Tangu jioni nimekwama kwenye kesi moja tu, nyingine zote sijazigusa. Naandika ili moyo utulie, kisha nitarudi mezani.

Nilikulia katika mji mdogo, wa aina ile ambayo mgeni hahitaji anwani: akitaja jina la baba yako tu, anafikishwa mlangoni. Neno la mtu lilitosha. Karatasi zilikuja na watu wa mbali, na mara nyingi zilikuja kuchukua kitu. Nilikuwa na miaka 13 shangazi aliponiita nimsomee barua kutoka benki, maana herufi ndogo zilikuwa zinamshinda. Shemeji yake alikuwa amekopa na kushindwa kulipa, na ndani ya barua ile shangazi ameitwa mdhamini. Mimi nilidhani mdhamini ni cheo. Yeye akaniambia, "Mwanangu, walisema nathibitisha tu kwamba namfahamu."

Nyumba yake ikapigwa mnada. Baadaye nilionyeshwa nakala ya karatasi aliyotia saini, na ninayo hadi leo. Aliandika jina lake polepole, herufi moja moja, bila kugusa mstari, kama mtu anayefanya jambo la heshima.

Niliondoka mjini nikiamini kwamba dawa ya mambo kama hayo ni siasa. Nikasoma sayansi ya siasa, na nilipomaliza nikajiunga na timu ya kampeni ya mgombea mmoja niliyemwamini kwa dhati. Kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni ya mkutano na daftari, niandike kero za watu mmoja mmoja. Nilijaza madaftari manne. Wajane, wakulima waliodhulumiwa mipaka, vijana waliolipia ajira zisizokuwepo. Wote walisubiri hadi nimalize kuandika, na wengine waliniomba niwasomee nilichoandika. Tulishinda. Nikayapanga malalamiko yale kwa maeneo, nikayafikisha ofisini. Miezi mitatu baadaye nilikuta boksi liko palepale, na juu yake pamewekwa mabango yaliyobaki. Nilipouliza, nikajibiwa kwa upole kabisa: "Yale yalikuwa ya kampeni."

Sijaichukia siasa kwa sababu hiyo. Hata uhasibu nilioukimbilia baadaye, ni siasa iliyonionyesha njia. Chuoni tulifundishwa jinsi Bunge la Uingereza lilivyounda kamati ya hesabu za umma mwaka 1861, na jinsi Gladstone, akiwa Waziri wa Fedha, alivyosimamia sheria ya mwaka 1866 iliyoweka mkaguzi mkuu wa kuripoti kwa Bunge jinsi serikali ilivyotumia fedha. Wakati ule niliyakariri ili nifaulu. Baada ya lile boksi niliyasoma upya, nikaona kwamba wanasiasa wale walifanya zaidi ya kuahidi kuwa waaminifu: walikubali kuulizwa, tena kwa karatasi, mwaka hadi mwaka. Nikataka kuijua kazi ya yule anayeuliza. Marafiki walisema nimekata tamaa. Hawakunielewa, na mimi sikujua kuwaeleza.

Nikaajiriwa kama msaidizi katika ofisi ya wakaguzi wa hesabu huku nikisoma jioni. Naipenda kazi ile mpaka leo. Kuna utulivu fulani katika kanuni ya kuingiza hesabu pande mbili, ambayo mtawa Luca Pacioli aliichapisha Venice mwaka 1494 (hakuibuni yeye, wafanyabiashara wa huko walikuwa wakiitumia tangu zamani): hakuna kinachoingia bila kuonyesha kilikotoka. Ukikuta malipo, unatafuta hati ya malipo. Ukiipata hati, unatafuta ankara. Ukiipata ankara, unatafuta mtu aliyepokea mzigo. Mwisho wa kila mnyororo kuna saini, na kazi ya mkaguzi ni kutoridhika na saini.

Hilo nililijua kichwani tu, hadi siku nilipotumwa kushuhudia hesabu ya mali ghalani mwa mteja. Jua lilikuwa linazama, mtunza ghala alikuwa mwungwana, orodha yake ilikuwa safi. Nikahesabu rafu mbili, nikaona zinalingana, nikatia saini kurasa zote kumi na moja. Kesho yake mkuu wangu aliniuliza swali moja: "Rafu ya sita ina nini?" Sikuwa na jibu. Hakunifokea. Alinirudisha ghalani, nikahesabu kila boksi mpaka usiku. Idadi zilikuwa sahihi, ila mimi nilijiona mchafu, kwa sababu nilikuwa nimefanya kwa uvivu jambo ambalo shangazi alilifanya kwa kuamini, na mimi sikupoteza nyumba.

Usiku ule ndipo nilipoanza kufikiria sheria. Mhasibu anaweza kusema saini hii haina msingi. Hawezi kusema basi nyumba irudishwe.

Sasa hii kesi. Harriet L'Estrange alikuwa na mkahawa Llandudno, huko Wales. Mwaka 1933 alinunua kwa malipo ya awamu mashine ya kuuzia sigara, akatia saini fomu ya karatasi ya kahawia yenye masharti kwa maandishi madogo mno. Mashine ikaharibika baada ya siku chache. Akamshtaki muuzaji, naye akajikinga na masharti yale madogo, kwamba hakutoa dhamana yoyote. Mahakama ya chini ilimpa Harriet ushindi. Kwenye rufaa, mwaka 1934, akashindwa: aliyetia saini mkataba anafungwa nao, awe ameusoma au hajausoma, ilimradi hakulaghaiwa. Jaji mmoja, Maugham, alikiri kwamba anasikitika kufikia uamuzi huo, lakini sheria imemfunga mikono. Nimeusoma mstari huo mara nyingi sana leo.

Wakili wa muuzaji, aliyemwangusha Harriet, alikuwa Alfred Denning. Huyu alizaliwa mwaka 1899 Whitchurch, mji mdogo wa Hampshire, mtoto wa muuza vitambaa. Alisoma hisabati Oxford, akaifundisha shuleni, kisha ndipo akarudi kusoma sheria. Niliposoma hayo nilihisi namfahamu. Na alipokuwa jaji alitumia miaka mingi kupigana na maandishi madogo yaleyale aliyoyatetea ujanani. Simfanyi mtakatifu, alistaafu mwaka 1982 baada ya kuandika mambo kuhusu wazee wa baraza weusi ambayo yaliwaumiza watu, na yalistahili kupingwa. Lakini najiuliza kama aliwahi kumkumbuka mwenye mkahawa.

Sheria imesogea tangu hapo. Bunge la Uingereza lilibana vifungu vya aina hiyo mwaka 1977. Na mwaka 2001, katika kesi ya Etridge, rufaa nane zikisikilizwa pamoja, majaji wa juu kabisa walieleza nini kifanyike mke anapotakiwa kudhamini deni la mumewe: wakili akutane naye ana kwa ana, mume akiwa hayupo, amweleze kwa lugha isiyo ya kitaalamu kwamba anaweza kupoteza nyumba, na kwamba ana hiari ya kukataa. Majaji walisema ulinzi huo si wa wake peke yao, ni wa yeyote anayedhamini deni la mwingine bila uhusiano wa kibiashara kati yao. Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje kusimama kidogo.

Jioni nilimpigia shangazi. Nikamsimulia habari za Harriet, akasikiliza mpaka mwisho.

"Akashindwa?"

"Akashindwa, shangazi."

"Na huyo jaji aliyesikitika, alimwambia mwenyewe?"

Nilimwambia kwamba iliandikwa kwenye hukumu. Akanyamaza kidogo.

"Ile karatasi yangu unayo bado?"

"Ninayo."

"Nisomee basi. Yote. Mimi sijawahi kuisikia."

Nikaitoa kwenye faili, nikawasha taa ya mezani, nikaanza na tarehe. Alinisimamisha kwenye kifungu cha nne, akaniomba nirudie.