Kitenge cha Kijani

Jumamosi tulimzika baba mkubwa, Kisarawe. Jeneza limeshafika, watu wamesogea, ghafla mtani wetu Mnyamwezi akatumbukia kaburini, akalala chali na kufumba macho. "Huyu mzee kafa na deni langu. Hazikwi mtu hapa mpaka nilipwe!"

Mtoto mkubwa wa marehemu, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametamka neno, aliangua kicheko huku machozi yanamtiririka. Akatoa elfu mbili. Mtani akapanda juu, akajikung'uta udongo, akashika koleo.

Kijana mmoja wa mjini alinong'ona kwa nini yule mlevi hafukuzwi. Kwanza hakuwa amelewa. Pili, kaburi lenyewe alichimba yeye, tangu saa kumi na mbili asubuhi. Wazee wetu husema utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ulitokana na misafara ya karne ya 19, wenzetu wakishuka na pembe za ndovu kwenda Bagamoyo kupitia Uzaramo. Ukifiwa, mtani atakukejeli, lakini maji atateka na shimo atachimba. Na akifiwa yeye, zamu yako.

Usiku usingizi ulinipaa. Nilikuwa namfikiria njuka mmoja, mwanafunzi mpya wa kidato cha kwanza.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni. Jumapili ya wageni tulikuwa na mchezo wetu: unamwambia njuka ana mgeni getini, anatoka mbio, anakuta mlinzi peke yake, anarudi kachukia, tunacheka. Mimi mwenyewe nilifanyiwa mara mbili na nilicheka pia. Huo sikatai, ni utani.

Huyu mtoto alikuwa hajawahi kupata mgeni. Nilipomwambia hakukimbia. Alisimama pale karibu na kitanda, akauliza taratibu, "Kavaa nini, kaka?"

Niliuona uso wake. Nilikuwa na nafasi ya kusema nakutania, bwana, nenda zako. Badala yake nikajibu, "Kitenge cha kijani."

Kwa nini kijani, sijui hadi leo. Lakini ilimwingia. Alinawa uso kwenye ndoo, akaomba kitana, akaniomba na viatu vyangu kwa sababu vyake vilikuwa vimeachama mbele. Nikampa. Wenzangu walikuwa wameziba midomo kwa mashuka.

Baadaye niliambiwa alimuuliza mlinzi kuhusu mama wa kitenge cha kijani. Mlinzi akasema hajamwona. Basi mtoto akajipa jibu mwenyewe kwamba labda kaenda dukani kumnunulia kitu. Akakaa kwenye jiwe, akangoja.

Siku hizi kila tarehe 1 Aprili nasikia mtu kampigia mwenzake simu kwamba mama yake kagongwa na bodaboda, halafu "Sikukuu ya Wajinga!" Huwa nakasirika kuliko wote ofisini, wananiona sina ucheshi. Wangejua. Uongo wa kwanza ningeweza kuutetea hata leo, tulikuwa watoto. Ule wa pili niliusema namtazama machoni, na yeye kunitania mimi hakuthubutu. Kidato cha kwanza atamtania nani?

Chakula cha mchana hakula. Kengele ya jioni ilipogonga ndipo aliporudi bwenini. Alikaa kitandani, akavua viatu vyangu, akavifuta vumbi kwa ncha ya shati lake, kimoja kimoja, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Asante, kaka."