Kesho Isiyo na Picha

Jumapili usiku, Agosti. Umeme umekatika, naandika kwa mwanga wa simu.

Asubuhi mama alinipigia kutoka Matombo. Baada ya salamu na habari za kuku (hizo hazikosi), akauliza, "Desemba unakuja, mwanangu? Miembe dodo imejaa maua mwaka huu." Swali jepesi, nami nikababaika. Nilijaribu kujiona nateremka kwenye gari pale kijijini, mkoba begani, nikaona ukuta mweupe tu. Nikamwambia, "Tutaona, mama." Akanyamaza kidogo. "Haya."

Tangu kazi iishe mwezi wa tatu nimekuwa nikiwaambia watu kwamba naogopa kesho. Leo nimejichunguza mchana kutwa: siogopi. Anayeogopa anaona kitu, iwe kodi, deni au aibu. Mimi sioni hicho wala cha heri. Mwanasaikolojia mmoja wa Uingereza, Andrew MacLeod, na wenzake waliwaomba watu waliowahi kujaribu kujidhuru wataje mambo wanayoyatazamia mbeleni. Mabaya hawakutaja mengi kuliko watu wengine. Mazuri ndiyo yaliyokuwa machache. Niliposoma hapo niliiweka simu chini kwa muda.

Alikuwepo pia Mkanada aliyetajwa vitabuni kwa herufi mbili, K.C. Alipata ajali ya pikipiki mwaka 1981, na matukio yote ya maisha yake yakamfutika akilini. Mwanasaikolojia Endel Tulving alipomuuliza atafanya nini kesho, alisema kichwani ni kweupe. Kumbe kesho tunaishona kwa viraka vya jana! Ubongo wangu ni mzima, namshukuru Mungu, lakini weupe ule naujua.

Wahamasishaji wa mitandaoni wanasema ota ndoto kubwa. Niliwahi kufumba macho nikajiona na Prado na geti la umeme. Dakika kumi tamu, kisha nikashindwa hata kuosha vyombo. Mjerumani Gabriele Oettingen ameonyesha katika tafiti zake kwamba njozi tamu peke yake zinaweza kumpunguzia mtu nguvu ya kutenda, kama vile mwili umeshafika unakokwenda. Vyombo vyangu ni mashahidi.

Jioni basi nikaanza na viraka. Harufu ya maembe yaliyovundikwa chini ya kitanda cha mama. Kisu chake chenye mpini uliofungwa mpira wa baiskeli. Utomvu unaowasha mdomoni. Nikakaa hapo muda mrefu, na pole pole kitu kikajitokeza: niko ndani ya basi, kiti cha dirishani, ndoo ya njano iko katikati ya miguu yangu, kifuniko kimefungwa kwa kamba. Hata jirani yangu alikuwepo, analalamika kwamba ndoo inambana.

Nikampigia tena. "Mama, Desemba naja."

"Njoo na ndoo," akasema. "Ile ya njano ulikwenda nayo mwaka juzi, mpaka leo hujairudisha."