Kikundi chetu kilianza kwenda siku niliponyamaza

Naandika hii nina furaha na hasira kwa pamoja. Furaha kwa sababu mafunzo yetu ya huduma ya kwanza yalifanyika, siku mbili kamili, na watu walitoka wanajua kuzuia damu na kumbonyeza kifua mtu ambaye moyo umesimama. Hasira ni kwa ushauri niliopewa mwanzoni, manake nusura utuvunje.

Tulikuwa saba, wote wa kujitolea, nikachaguliwa mimi kuongoza. Nikaambiwa mambo mawili: kiongozi aseme kwanza ili watu wajue mwelekeo, alafu kila mtu amwage mawazo kwa sauti hapo hapo kikaoni, asikosolewe mtu. Nikayafanya yote mawili siku moja.

Kulikuwa na kumbi tatu za kuchagua. Nikafungua kikao nikasema mi naona ule wa kwanza unatufaa, ni mkubwa, uko njiani na wenyewe hawana masharti mengi. Wa pili akasema kweli ni mkubwa. Wa tatu akasema kweli uko njiani, watu hawatapotea. Wa nne akayarudia yote mawili kwa maneno yake, wa tano akaongeza kwamba hata masharti hawana, na tukazunguka humo humo zaidi ya nusu saa, mambo matatu yale yale ambayo kila mmoja wetu alikuja anayajua, na tulikuwa tunaona raha jamani, tunajiona ni kikundi kinachoelewana kweli kweli. Tukapitisha kwa sauti moja, tukalipa na hela ya kushikilia.

Wiki mbili baadaye tangazo limeshatoka, mmoja anasema ah, ule ukumbi una mwangwi, aliyekaa nyuma hasikii kitu. Mwingine anasema nijuavyo mimi Jumamosi kuna kwaya wanafanya mazoezi chumba cha pili, ukuta ni mwembamba. Alafu yule dada mpole, ambaye kikao kizima hakuwa amefungua mdomo, akasema taratibu: sakafu yake ni ya mteremko na viti vimefungwa chini kama sinema, sasa watu watapiga magoti wapi kufanya mazoezi ya kifua? Kasoro tatu, vichwa vitatu, na wote walikuwepo siku ile. Nikawauliza mbona hamkusema. Mmoja: nilidhani mnajua. Mwingine: niliona mmeshakubaliana. Dada yeye akaniambia ukweli, "wewe ulikuwa umeshasema." Hilo lilinikaa rohoni.

Badala ya kulifanyia kazi hilo nikapokea ushauri mwingine, eti penye wengi hapaharibiki neno, ongeza watu. Nikaongeza watatu, tukawa kumi. Piga hesabu: watu saba ni jozi 21 za watu wanaotakiwa kuelewana, watu kumi ni jozi 45. Grupu la WhatsApp likawa linalia mchana na usiku, na kazi haitoki. Niliandika humo "jamani mkufunzi apigiwe simu leo", nikapata vidole gumba tisa, na mkufunzi hakupigiwa na mtu, manake kila mmoja aliamini mwenzake atapiga. Sisi tunaita kutegeana na tunaona ni uvivu tu. Baadaye nikakuta Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba akatoa matokeo mwaka 1913, kwamba kadiri wanavyoongezeka ndivyo kila mmoja anavyovuta pungufu, na sehemu ya sababu ni kwamba hawavuti kwa wakati mmoja. Kwa hiyo usiwatukane watu wako kabla hujaangalia kama umewapangia nani anavuta lini. Mi toka hapo kila kazi ina jina la mtu mmoja na siku yake, basi.

Lakini lile la kikao ndilo lililonifanya nisome mpaka usiku. Kumbe lina utafiti kabisa. Mwaka 1985 Garold Stasser na William Titus waliwapa vikundi habari za wagombea, habari nyingine wote wanazo, nyingine kila mtu na zake, wakaona vikundi vinang'ang'ania zile za wote na kumpitisha mgombea asiye bora. Ndiyo sisi na ukumbi wetu! Na Solomon Asch, tangu 1951, alionyesha mtu anaweza kuuona urefu wa mstari kwa macho yake na bado akajibu vibaya kwa sababu waliomtangulia wote wamejibu vibaya. Ila akiwepo hata mmoja tu wa kujibu sahihi, kufuata mkumbo kunashuka sana. Huyo mmoja kwetu alikuwepo, nilimziba mimi kwa kuongea kwanza.

Basi nikaja na vikaratasi. Kabla mdomo wowote haujafunguka, dakika kumi za kimya, kila mtu anaandika chaguo lake na jambo moja analolijua ambalo anadhani wenzake hawalijui. Hakuna kuandika jina. Tunachanganya, mmoja anasoma vyote, ndio tunaongea, na mimi naongea wa mwisho. Hilo swali la pili ndilo ufunguo, usiliache, bila hilo watu wataandika "mkubwa, uko njiani". Mmoja aliguna kwamba haya ni mambo ya watoto wa shule. Nikamwomba avumilie mara moja tu. Vikaratasi kumi viliposomwa tulipata mambo saba ambayo hayakuwahi kutajwa, likiwemo kwamba midoli ya mazoezi tuliyoahidiwa ilikuwa miwili na si sita kama tulivyoandika kwenye ratiba. Kama tungelijua hilo asubuhi ya mafunzo sijui ingekuwaje.

Kuna mambo vikaratasi havitibu. Wawili wetu walikuwa hawasalimiani vizuri, hao nilikaa nao mmoja mmoja, na iliwachukua muda. Nilitulia kidogo nilipojua Bruce Tuckman aliandika mwaka 1965 kwamba kugombana ni hatua ambayo vikundi vingi hupitia kabla ya kushikamana, manake nilikuwa nimeshaanza kufikiria kujiuzulu.

Ukumbi tuliohamia ni ule wa tatu, mdogo, tulibanana na hela ya kule kwa kwanza haikurudi yote. Lakini sakafu ilikuwa tambarare. Jumamosi saa nne asubuhi watu walikuwa chini wamepiga magoti, wanahesabu kwa sauti wakibonyeza, na yule dada anapita katikati yao anawanyoosha mikono, anaongea kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.