Mtamba wa nguruwe namsubirisha, na ananilipa

Huku Mbozi wengi wetu tunampandisha mtamba (jike ambaye hajazaa bado) akishaonyesha tu joto la kwanza, yaani dalili za kutaka dume, akiwa na miezi mitano au sita. Haraka hiyo naielewa: pumba zinapanda bei kila kukicha, na asiyezaa anakula vilevile. Ila nguruwe jike analipa hasa uzao wa 3 hadi wa 6, anapozaa wengi na kuwalea vizuri. Akiishia uzao wa pili na kwenda kwa wachoma kitimoto, gharama za kumkuza hazijarudi.

Kwa hiyo joto la kwanza naandika tarehe tu kwenye daftari. Hurudi baada ya siku 21 hivi. Nampandisha joto la pili au la tatu, akiwa na miezi 7 au 8 na uzito wa kilo 130. Mizani sina, natumia futi ya fundi cherehani. Asubuhi akiwa ameinamia chakula (akiinua kichwa kipimo kinadanganya), naizungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, halafu napima urefu wa mgongo, toka katikati ya masikio hadi shina la mkia. Mzingo mara mzingo, mara urefu, mara 69.3, vipimo vikiwa vya mita. Mzingo wa 1.22 na urefu wa 1.26 ni kama kilo 130.

"Mwanangu, huyu si alishaita dume mwezi uliopita?" aliniuliza mzee jirani yangu.

"Shikamoo mzee. Aliita, ila bado mwepesi."

Alicheka sana.

Pagumu zaidi ni kunyonyesha kwa mara ya kwanza. Mama mwenyewe bado anakua. Akikonda hapo, joto linachelewa au uzao wa pili unapungua. Simbanii chakula kabisa: pumba, mashudu ya alizeti, dagaa, na maji muda wote. Watoto nawaachisha wiki ya tano. Mwenye afya hurudi kwenye joto ndani ya siku 4 hadi 7. Nikimbonyeza mgongoni akasimama tuli, namwita dume. Aliyekonda simpandishi joto hilo, nasubiri siku 21 nyingine. Hilo nalo mzee hajalikubali mpaka leo.

Mbegu ya kubakiza naichagua kwa majike waliofika uzao wa 5 na miguu bado mizima. Binti zao wenye chuchu 14 siuzi, hata mteja apandishe bei.